Fizikia na uinjinia kampasi: vile utavuka miaka miwili ya kwanza bila sapu (kurudia mtihani umefeli)

Barua ya kuitwa ikishafika kila mtu hukimbilia kununua godoro na ndoo na sufuria, sawa, nunua, lakini kama kozi yako ni fizikia ama uinjinia kuna shughuli ingine inafaa ianze kabla hata ya siku ya kuripoti. Hii nawaandikia wale wameitwa Maseno, Masinde Muliro pale Kakamega, Egerton Njoro, Moi, Kabarak, popote, juu shida za mwaka wa kwanza ni zile zile ukienda mahali yoyote: watu wanasoma hizi kozi kwa macho na zinataka mkono. Kwa macho namaanisha kusoma notsi, kupiga laini na hailaita, kuangalia video ya mtu akisolvu, alafu unatikisa kichwa unasema nimeelewa. Kuelewa ni pale umefunika hio notsi, umechukua karatasi tupu na jibu limetoka.

Jua kwanza umeitwa kozi gani

Usicheke, kuna watu hufika mwaka wa tatu ndio wanagundua. Digrii ya sayansi ya fizikia ni miaka 4 na ni nzuri kabisa, inakupeleka kwa jiofizikia, hali ya hewa, nishati, fizikia ya hospitali ukiendelea na masomo, lakini haikufanyi injinia. Na ukitaka kufundisha sekondari unahitaji masomo ya ualimu, kwa sababu TSC, tume ya walimu, inataka mtu amesomea kufundisha. Uinjinia ni miaka 5. Alafu kuna ile inaitwa teknolojia ya uinjinia, jina linafanana lakini watu wake wanasajiliwa na bodi yao tofauti, inaitwa KETRB, iliundwa na sheria ya 2016.

Kwa uinjinia wenyewe bodi ni EBK (Bodi ya Wahandisi ya Kenya), iko chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, na wanaweka kwa tovuti yao orodha ya kozi wamezitambua, chuo kwa chuo. Fungua hio orodha leo, tafuta chuo chako na jina kamili la kozi yako, si jina la kufanana. Ukimaliza unasajiliwa kama injinia mhitimu, unafanya kazi angalau miaka 3, ndio unaomba kuwa injinia kamili wa kupiga muhuri kwa michoro. Kuna wahitimu walimaliza masomo wakanyimwa usajili mpaka kesi ikafika Mahakama ya Juu, ikaamuliwa 2018. Wewe usingoje kufika huko. Ukiona kitu hakieleweki uliza ofisi ya mkuu wa kitivo mapema, na kama unataka kuhama kozi ama chuo dirisha la kuhama hufunguliwa kwa muda mfupi tu, ukilala limefungwa.

Hesabu, hesabu, na tena hesabu

KCSE inakufundisha kalkulasi kidogo sana, ile ya x mraba na x kyubu, na eneo chini ya grafu. Kampasi wiki ya kwanza lekchara anaandika sin ya 3x, anaidiferenshieti kama anakunywa chai, anaendelea. Hatarudi nyuma, juu kwa syllabus yake hicho kitu kinachukua lekcha moja. Na si yuniti ya kalkulasi peke yake inakuumiza, ni mekaniki, ni umeme na sumaku, ni thamo (fizikia ya joto), zote zinatumia hio hio kalkulasi na hakuna anayekungojea.

Kwa hivyo zile wiki uko nyumbani unangoja kuripoti, saa moja kila siku na kalamu: aljebra ya kuhamisha herufi bila kukosea alama, logi na e, trigonometria (zile aidentiti unafaa kuzitoa usingizini), cheni ruli, prodakti ruli, intigrali rahisi, vekta, kisha namba changamano ukifika. Sio lazima umalize. Lakini ukifika pale unajua cheni ruli, lekcha inakuwa kitu unafuata badala ya kitu unakopi.

Nikuonyeshe tofauti kwa mfano mmoja. Form three ulifunzwa kitu kinaanguka na a haibadiliki, unaweka v = u + at, umemaliza. Sasa chukua tone la mvua, ile ya Kakamega ya saa tisa mchana, kama ingekuwa inaanguka kwa v = u + at kutoka kwa wingu ingefika kwa mabati na kasi kubwa ya ajabu. Haifiki hivyo kwa sababu hewa inaisukuma juu, na kadri inaongeza kasi ndio inasukumwa zaidi. Tuseme nguvu ya hewa ni kv, k ni namba haibadiliki. Basi Newton anasema m dv/dt = mg − kv. Hapo v = u + at imekufa, maana a inabadilika kila saa. Unatenganisha, v upande mmoja t upande mwingine, unatafuta intigrali, unapata v = (mg/k)(1 − e^(−kt/m)).

Watu wengi wakifika hapo wanapiga laini mbili chini ya jibu na kwenda. Usiende. Weka t = 0, v inatoka sifuri, sawa, tone lilianza likiwa limesimama. Weka t kubwa sana, e inaisha, v inabaki mg/k, hio ndio kasi ya mwisho, na ukiangalia ni pale mg na kv zimelingana, yaani imekubaliana na kile ulianza nacho. Angalia na yuniti za k, lazima ziwe kilo kwa sekunde ndio kv iwe nguvu. Hio kazi inachukua dakika moja na ndio inakuokoa kwa mtihani kwa sababu ukikosea alama pahali, moja ya hizo tatu itakataa na utajua kabla ya msahihishaji kujua. (Tone halisi hewa yake inaenda na v mraba, hio utaipata baadaye, usianze kunirekebisha kwa komenti.)

Wiki iende hivi

Siku ya lekcha, jioni hio hio, sio wikendi, chukua mifano yenye lekchara alisolvu, funika jibu, isolvu mwenyewe. Ukikwama angalia laini moja tu, funika tena. Alafu tafuta maswali mengine kwa kitabu cha laibrari, toleo la zamani halina shida, Newton hajabadilika. Maswali matano yenye umepigana nayo yanashinda hamsini yenye umesoma majibu. Kuwa na daftari moja ya maswali yamekushinda, hio ndio unaenda nayo kwa ofisi ya lekchara ama kwa tutoriali. Malekchara wengi wanaonekana wakali kwa lekcha hall lakini ukienda na karatasi uko umejaribu, unasema "mwalimu, nimefika hapa nikakwama," watakukalisha chini wakuonyeshe. Ukienda mikono mitupu ukisema hujaelewa topiki yote, hapo hata mimi ningekufukuza.

Diskashoni ni nzuri ikiwa ya watu watatu wanne na kila mtu amekuja na majaribio yake. Ikiwa ni watu kumi, alafu mtu mmoja tu ndio anaandika ubaoni, hio ni lekcha ingine tu. Na siku hizi kila mtu anauliza simu imsolvie, sawa, uliza, lakini uliza baada ya kujaribu, kisha pima jibu lake kwa yuniti na kwa zile ncha mbili nimesema (t = 0 na t kubwa sana), kwa sababu inaweza kukuandikia ukurasa mzima umenyooka na kuna alama imegeuka laini ya tatu.

Kwa statiki na nguvu za maada, chora mchoro wa nguvu kabla ya kuandika ekwesheni yoyote. Toa kitu peke yake, weka mishale yote inayokigusa, uzito, msukumo wa ukuta, msuguano, kamba. Watu hufeli statiki na hesabu yao iko sawa kabisa, ni mshale mmoja walisahau.

Kalkuleta: ile fx-82MS ya sekondari itakubeba muhula wa kwanza lakini ukifika kwa saketi za AC utataka yenye inafanya namba changamano na matriksi, kama ile fx-991. Uliza kwanza ni gani zinaruhusiwa kwa mtihani. Na kila ukiiwasha piga sin 30. Ikisema 0.5 uko kwa digrii, ikisema −0.988 uko kwa radiani. Kalkulasi yote ni ya radiani, mekaniki mingi ni digrii, sasa wewe jua uko wapi, kuna watu wamepoteza maksi za mtihani mzima hapo.

Maabara ndio mahali watu hudanganya na kushikwa

Hapa nikae kidogo. Jaribio la kwanza karibu kila chuo ni pendulamu, kutafuta g. Mtu anafunga kamba, anahesabu mizunguko haraka haraka, anaona imetoka 9.6, anaogopa, anarudi kubadilisha data mpaka g itoke 9.81 kwa sababu ndio iko kwa kitabu. Sasa uko Maseno, mstari wa ikweta unapita hapo hapo, kuna hata alama kando ya barabara ya Busia. Kwa ikweta g ni karibu 9.78, kwa ncha za dunia ni 9.83, juu dunia inazunguka na imefura katikati. Mwanafunzi wa Maseno akileta 9.81 kamili na data yote imelala kwa laini bila nukta hata moja kutoka nje, lekchara anajua imepikwa.

Fanya hivi. Pima kamba kutoka pale imebanwa mpaka katikati ya kile kijiwe, sio mpaka juu yake. Isukume kidogo tu, chini ya digrii 10. Usipime mzunguko mmoja, pima 20. Kidole chako kwa stopwochi kinachelewa kama sekunde 0.2. Kamba ya mita moja inachukua kama sekunde 2 kwa mzunguko, kwa hivyo ukipima mmoja kosa ni asilimia 10, na kwa sababu g inatumia T (muda wa mzunguko mmoja) mraba, inakuwa 20. Ukipima 20 ni sekunde 40, kosa linashuka kuwa nusu asilimia, kwa g asilimia moja. Rudia na urefu tofauti tano sita, chora grafu ya T mraba na urefu, tafuta gradienti. Gradienti ni 4π² ugawe kwa g, kwa hivyo ikitoka 4.04 g yako ni 9.77. Alafu unaandika 9.8 ± 0.1. Hio plus-mainasi ndio maksi ziko, kwa sababu unasema ukweli kwamba kwa kamba na simu huwezi kutofautisha 9.78 na 9.81, na lekchara anaona umeelewa kipimo ni nini.

Vile vile kwa thamo. Ukichemsha maji Kisumu thamomita inasema karibu 96, maana mji uko kama mita 1,130 juu ya bahari na hewa ni nyepesi kidogo. Eldoret ni karibu 93. Usiandike 100. Andika chenye umeona kisha ueleze kwa nini.

Kwa umeme, ile multimita ikiwa upande wa ampia inaingia ndani ya saketi, mfululizo. Ukiibandika kwa betri moja kwa moja kama unapima volti umeshorti, fyuzi imeenda, na teknisheni hatakusahau mpaka ugradueti. Ukimaliza kupima ampia rudisha waya kwa volti hapo hapo, usingoje. Na rizista yenye rangi kahawia, nyeusi, nyekundu na dhahabu ni omu 1,000 lakini ile dhahabu inakwambia asilimia 5, kwa hivyo ukipima ukapata 968 hakuna kitu imeharibika.

Andika data moja kwa moja kwa buku ya maabara na peni, ukikosea piga laini moja uandike kando. Hakuna kuandika kwa kiganja ati utahamisha baadaye. Na heshimu mateknisheni. Wao ndio wanajua ni osiloskopu gani inafanya kazi na gani imekaa hapo kama pambo.

Droing na karakana

Haraka haraka tu. Droing inakula usiku, hakuna dawa. Penseli mbili, 2H ya laini za kujengea na HB ya laini za mwisho, osha seti skwea na sabuni kabla ya kuanza la sivyo karatasi yote itakuwa kijivu, bandika karatasi na masking tepu sio pini. Soma swali limesema first angle ama third angle (njia mbili za kupanga michoro ya pande za kitu) kabla ya kuweka laini yoyote. Kwa karakana ovaroli na buti ngumu, nywele ndefu zifungwe, saa na pete zitoke. Ukipewa kipande cha chuma ukipige faili mpaka kiwe skwea utadhani ni adhabu, lakini pita Kibuye, soko la Kisumu, uone vile fundi wa jua kali anashika faili kwa mikono miwili, anasukuma mbele na uzito, anarudisha bila kukandamiza. Muulize akuonyeshe, wengi hawana maringo.

Kompyuta: leptopu ya mitumba yenye SSD na RAM ya 8 inatosha kuanza. Octave ni ya bure na inaelewa sehemu kubwa ya chenye utafunzwa kwa MATLAB, Python pia ni bure, na Autodesk wanapea wanafunzi AutoCAD bure ukionyesha uko chuo. Kwa hivyo achana na zile flashi za krakidi zimejaa virusi.

CAT na mtihani

Shule nyingi CAT (mitihani midogo ya katikati ya muhula) na asainmenti ni 30, mtihani ni 70, pasi ni 40. Sasa fanya hesabu. Ukibeba 22 kwa CAT unaingia mtihani ukitafuta 18 peke yake ili upite, na ukiwa na 9 unatafuta 31 ukiwa na wasiwasi. CAT ndio rahisi, ni topiki chache na bado ziko fresh, ndio hapo unajijengea. Weka kila karatasi ya CAT ikirudishwa, piga picha pia, kwa sababu maksi hupotea kwa sistemu na ukienda kuuliza bila karatasi utazungushwa ofisi hadi ofisi mpaka muhula uishe.

Karatasi ya mtihani kwa kawaida swali la kwanza ni lazima, maksi 30, kisha unachagua mawili ya 20 kila moja, masaa mawili. Hilo la kwanza limegusa syllabus yote vipande vipande, kwa hivyo ule mpango wa kusoma topiki mbili kwa kina na kuacha zingine utakukuta hapo. Tafuta pepa za miaka iliyopita laibrari ama kwa wale wa mbele yenu, zifanye kwa saa, simu iko mbali. Andika hatua zote hata kama namba ya mwisho imekataa, maksi za njia zipo. Mwakenya (vikaratasi vya kuibia mtihani) nao, mbali na kufukuzwa, kwa hizi yuniti hausaidii kitu, fomula mara nyingi wanakupea, swali ni utaitumia vipi na namba ambazo hujawahi kuziona.

Atachmenti

Kutafuta kampuni ya kufanyia mafunzo ya kazi, usingoje wenzako waanze kuongea. Kama yenu ni Mei, barua zitoke Januari, na omba shule barua ya bima mapema kwa sababu kampuni nyingi hazikupokei bila hio. Kwa upande huu kuna stesheni za umeme, Sondu Miriu ya maji, Olkaria na Menengai za mvuke kwa wenye wako karibu na Nakuru, viwanda vya sukari, ofisi za stima, kampuni za maji za kaunti, wakandarasi wa barabara. Wakandarasi wadogo watu huwasahau na huko ndio utashika kazi kwa mikono, kwa kampuni kubwa unaweza kukaa wiki nzima ukipanga faili.

Kabla ya kwenda piga hesabu ya hio sehemu. Sondu Miriu ni megawati 60. Tuseme maji yanashuka mita 200 na mitambo inashika asilimia 85 ya nguvu yake. Gawa 60,000,000 kwa 1000 × 9.78 × 200 × 0.85, unapata kama mita 36 za ujazo kila sekunde. Ukifika muulize injinia wa zamu maji halisi ni ngapi, na kiangazi inakuwaje, maana stesheni hio inategemea mto unavyotiririka na haina bwawa kubwa la kuweka akiba. Atakupeleka kwa tabaini mwenyewe badala ya kukutuma chai. Logibuku ijaze kila jioni na chora michoro, isainiwe kila Ijumaa, juu supavaiza akienda livu Jumatatu na hujasainiwa wiki tatu, omera, utamtafuta kwa simu mpaka uchoke.